Robert Koch: Daktari aliyemtambua kijidudu wa kifua kikuu, akakosea dawa yake

Katika vipindi vyetu vya afya, swali linalorudi mara kwa mara kutoka Ngara na Biharamulo ni hili: kwa nini dawa za kifua kikuu zimezwe miezi sita wakati kikohozi huisha mapema? Leo tunalijibu kwa kumsimulia Robert Koch.

Koch alizaliwa Ujerumani, katika mji wa Clausthal, tarehe 11 Desemba 1843. Alipokuwa daktari alipangiwa wilaya ya vijijini, Wollstein, mahali pasipo na maabara. Alitenga sehemu ya chumba alichotibia wagonjwa, akaweka hadubini aliyopewa zawadi na mkewe Emmy. Hapo, mwaka 1876, alionyesha kwamba kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua, huletwa na bakteria.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kuwa kifua kikuu nacho kina bakteria wake. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1890 Koch alitangaza tiba: tuberkulini, maji yaliyotengenezwa kutokana na bakteria wale wale. Alikuwa amejidunga mwenyewe kwanza, akashikwa na homa kali. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini hawakupona. Wengine hali ilizidi kuwa mbaya, na baadhi walifariki. Leo tuberkulini imebaki kuwa kipimo cha ngozi cha kutambua maambukizi.

Kwa nini ilishindwa? Pepopunda huumiza mwili kwa sumu inayosambaa katika damu, na sumu hiyo inaweza kuzuiwa. Kifua kikuu ni tofauti. Bakteria wake humezwa na seli za kinga, wakajificha na kuzaliana humo humo. Kwa miaka mingi wataalamu hawakuona sumu yoyote. Ilikuwa mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Alabama, Marekani, walipoieleza: bakteria huitoa wakiwa ndani ya seli, nayo huharibu kitu ambacho seli hukihitaji ili ipate nguvu. Seli hufa, bakteria hutoka na kuvamia nyingine. Hivyo ndivyo mapafu huliwa polepole.

Mwaka 1906 Koch alifika Ziwa Victoria, akaweka kambi visiwa vya Ssese, kaskazini ya Bukoba, kutibu malale. Dawa aliyotumia, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905, bila kuiona dawa ya kweli ya kifua kikuu. Dawa hiyo ilianza kupatikana miaka ya 1940.

Sasa jibu la swali letu. Dawa huua kwanza bakteria wanaozaliana kwa kasi, na kikohozi hupungua. Wale waliojificha na kutulia hufa taratibu. Ukiacha njiani, wanaamka, na huenda dawa isiwaweze tena.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitokwa jasho usiku au ukikonda, nenda kituo cha afya ukapime makohozi. Katika vituo vya serikali, dawa za kifua kikuu ni bure.