Jaroslav Hašek

Jaroslav Hašek (Praha, 30 Aprili 1883 – Lipnice nad Sázavou, 3 Januari 1923) alikuwa mwandishi wa vitabu na magazeti kutoka Bohemia, nchi ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Dola la Austria-Hungaria na leo ni sehemu ya Ucheki. Anajulikana duniani hasa kwa riwaya yake juu ya askari Josef Švejk, iliyotafsiriwa katika lugha zaidi ya 50.

Anakumbukwa pia kama mwanzilishi wa Chama cha Maendeleo ya Wastani ndani ya Mipaka ya Sheria, ambacho ni kati ya vyama vya siasa vya mzaha vya kwanza kujulikana. Kupitia chama hicho alishiriki kampeni za uchaguzi wa bunge mwaka 1911, akifanya mikutano yake katika baa.

Utoto na masomo

Hašek alizaliwa Praha mwaka uleule na katika mji uleule alikozaliwa mwandishi Franz Kafka. Baba yake, Josef, alikuwa mwalimu wa hisabati. Familia haikuwa na uwezo mkubwa na ilihamahama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine. Baba alikuwa mlevi, akafariki mwaka 1896, Jaroslav akiwa na umri wa miaka 13.

Mwaka uliofuata Praha ilikumbwa na ghasia kati ya Wacheki na Wajerumani, na kijana Hašek alikuwa mmojawapo wa walioingia mitaani. Aliacha shule ya sekondari, akafanya kazi katika duka la dawa, kisha akasoma katika chuo cha biashara na kuhitimu mwaka 1902. Alipata kazi ya ukarani katika benki ya Slavia, lakini alizoea kuondoka bila ruhusa na kwenda safari ndefu za miguu hadi Slovakia na kwingineko. Mwaka 1903 alipoteza kazi hiyo. Tangu hapo aliishi kwa kalamu.

Mwandishi wa magazeti

Hašek aliandika mamia ya hadithi fupi za kuchekesha kwa magazeti ya Praha, mara nyingi kwa haraka na akiwa mezani katika baa. Kwa miaka kadhaa alikuwa upande wa waanakia, yaani watu wanaokataa mamlaka ya dola, na mwaka 1907 alifungwa mwezi mmoja baada ya vurugu zilizohusisha polisi.

Mwaka 1910 alimwoa Jarmila Mayerová. Wazazi wa bibi arusi walikuwa wamesita kwa muda mrefu kumkubali mkwe asiye na kazi ya kudumu. Wakati huo Hašek alikuwa mhariri wa gazeti la wanyama lililoitwa Svět zvířat. Alifukuzwa huko baada ya kuandika makala juu ya wanyama aliowabuni mwenyewe, ambazo wasomaji waliziamini. Baadaye alifungua biashara ya kuuza mbwa, nayo haikudumu.

Mwezi Februari 1911 alikamatwa kwenye Daraja la Karolo mjini Praha akionekana kutaka kujirusha mtoni, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Waandishi wa maisha yake hawajakubaliana kama alitaka kweli kujiua au kama ulikuwa mzaha mwingine. Ndoa yake ilikuwa tayari na matatizo kutokana na ulevi na umaskini. Mwana wao Richard alizaliwa mwaka 1912, lakini muda si mrefu wazazi wakatengana.

Chama cha Maendeleo ya Wastani

Mazingira

Kuanzia mwaka 1907 wanaume wote wazima wa upande wa Austria walikuwa na haki ya kuchagua wabunge wa bunge la Vienna. Hata hivyo Kaisari Franz Joseph na serikali yake walibaki na madaraka makubwa, magazeti yalikaguliwa, na polisi walihudhuria mikutano ya siasa wakiwa na uwezo wa kuivunja. Vyama vya Wacheki viliahidi watu wao mageuzi makubwa huku vikijitahidi kutoiudhi serikali.

Jina la chama cha Hašek lililenga tabia hiyo. Kila chama kilitaka maendeleo, ila ya wastani, na kila kimoja kilikubali mipaka ya sheria ambazo hakikuzitunga. Hašek alichukua msimamo huo na kuusema waziwazi kana kwamba ni jambo la kujivunia.

Sera

Hašek mwenyewe alidai kwamba chama kilianzishwa mwaka 1904 na kundi la marafiki waliokutana katika baa mtaani Vinohrady. Kilijulikana hasa wakati wa uchaguzi wa Juni 1911, yeye akiwa mgombea wake. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika sera zake ni haya:

- kurudisha utumwa;
- kurudisha mahakama ya kidini iliyowatesa wazushi;
- kuwarudishia wanyama heshima yao;
- kutaifisha walinda milango wa nyumba za kupanga;
- kufanya ulevi uwe wa lazima;
- kumpa kila mpiga kura tangi dogo la samaki la kubeba mfukoni.

Kila sera ilikuwa na shabaha yake. Walinda milango, kwa mfano, walishika funguo za majengo na kujua nani ameingia na nani ametoka. Wakazi wengi waliwaona kama masikio ya polisi. Kuwataifisha kulimaanisha kutangaza rasmi jambo ambalo kila mtu alilijua. Kurudisha utumwa na mateso ya kidini kuliwadhihaki wanasiasa waliotaka maendeleo yasiyobadilisha kitu. Tangi la samaki liliwakumbusha wapiga kura zawadi na ahadi walizozoea kupewa kila ulipokaribia uchaguzi.

Mikutano

Mikutano ilifanyika katika baa iliyoitwa Kravín, yaani zizi la ng'ombe, huko Vinohrady. Wasikilizaji walikuwa waandishi, wachoraji, wanafunzi na walevi wa kawaida. Hašek aliweza kuongea kwa saa nyingi, akitoka kwenye maisha ya watakatifu hadi tabia za wanyama, akiwatuhumu wapinzani kwa makosa ya ajabu na kurudi kwenye sera pale bia ilipokwisha. Inasimuliwa kwamba mwenye baa alinufaika kuliko mgombea.

Alimsifu Kaisari na sheria kupita kiasi. Polisi waliokuwepo walijikuta katika hali ngumu: kumkamata mtu kwa sababu amesifu serikali kungekuwa sawa na kukiri kwamba sifa hizo ni kichekesho. Hivyo, kwa kukaa ndani ya mipaka ya sheria, aliwaonyesha wasikilizaji jinsi mipaka hiyo ilivyokuwa.

Matokeo

Kura alizopata zilikuwa chache mno, na hakuingia bungeni. Baada ya uchaguzi aliandika historia ya chama chake, ambamo aliwachora kwa kejeli wanasiasa, waandishi na marafiki zake wa Praha. Kwa kuwa watu wengi walitajwa humo kwa majina, wachapishaji waliogopa. Kitabu hicho kilitolewa kikamilifu mwaka 1963 tu, miaka 40 baada ya kifo chake.

Vita na Urusi

Mwaka 1914 Austria-Hungaria iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa vita Hašek alijiandikisha katika hoteli moja ya Praha kama mgeni kutoka Urusi, nchi ya adui, na kueleza kwamba amekuja kuchunguza jeshi la Austria. Polisi walizingira hoteli, wakamkuta yeye, wakamweka ndani siku chache.

Mwaka 1915 aliandikishwa katika kikosi cha 91 cha askari wa miguu mjini České Budějovice, akapelekwa mstari wa mbele huko Galisia. Mwezi Septemba mwaka huohuo alitekwa na Warusi, akakaa katika makambi ya wafungwa wa vita ambako wengi walikufa kwa maradhi.

Mwaka 1916 alijiunga na jeshi la Wacheki na Waslovaki waliojitolea kupigana dhidi ya Austria upande wa Urusi, akaandikia gazeti lao mjini Kyiv. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 aliliacha jeshi hilo na kujiunga na Wabolsheviki. Wenzake wa zamani walimwona msaliti na kutoa hati ya kumkamata, ikambidi ajifiche kwa miezi kadhaa.

Ndani ya Jeshi Jekundu alipewa madaraka ambayo marafiki zake wa Praha wasingeyaamini: alikuwa naibu kamanda wa mji wa Bugulma, kisha mtumishi wa idara ya siasa ya Jeshi la Tano hadi Irkutsk huko Siberia, akihariri magazeti ya lugha mbalimbali. Katika kipindi hicho hakunywa pombe, au alikunywa kidogo tu. Mwaka 1920 alimwoa Aleksandra Lvova ingawa hakuwa ameachana kisheria na Jarmila.

Švejk

Hašek alirudi Praha Desemba 1920, katika jamhuri mpya ya Chekoslovakia. Magazeti yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake zaidi ya mara moja. Alipokewa vibaya: kwa wengi alikuwa msaliti na mkomunisti, na tena alikuwa na wake wawili. Alirudia pombe.

Mwaka 1921 alianza kuandika riwaya ya Osudy dobrého vojáka Švejka, yaani visa vya askari mwema Švejk wakati wa vita. Mhusika huyu alikuwa ameonekana tayari katika hadithi zake fupi za mwaka 1911, mwaka uleule wa kampeni. Sehemu za kwanza zilitolewa na Hašek na marafiki zake wenyewe katika vijitabu vya bei nafuu.

Švejk ni muuza mbwa wa Praha ambaye madaktari wa jeshi wamethibitisha kuwa ni mjinga. Anapoitwa vitani anatii kila amri kwa furaha na kwa ukamilifu kiasi kwamba amri inaonekana kuwa upuuzi, na maofisa wanashindwa kujua kama ni mpumbavu au anawacheka. Njia hii ni ileile ya mikutano ya Kravín. Baadhi ya wahusika, kama luteni Lukáš, walipewa majina ya watu waliotumika kweli katika kikosi cha 91.

Miaka ya mwisho

Agosti 1921 Hašek alihamia kijiji cha Lipnice nad Sázavou. Afya yake ilikuwa imeharibika, na mwishoni alimwambia karani maneno ya kuandika kwa sababu hakuweza tena kushika kalamu kwa muda mrefu. Alifariki huko tarehe 3 Januari 1923 akiwa na umri wa miaka 39. Inasimuliwa kwamba baadhi ya marafiki hawakwenda mazishini wakidhani ni mzaha wake mwingine.

Aliacha sehemu tatu kamili za riwaya na ya nne ikiwa haijakwisha. Josef Lada aliichorea picha zilizompa Švejk sura inayojulikana hadi leo. Mwaka 1933 Wanazi wa Ujerumani walikitia kitabu hicho motoni pamoja na vingine walivyovichukia.

Urithi

Tathmini

Wapo wanaoona kwamba chama cha Hašek kilikuwa mchezo wa walevi tu, na kwamba kuucheka uchaguzi kunawavunja moyo wananchi waliopata haki ya kura kwa shida. Wengine wanasema alionyesha udhaifu ambao vyama vizito vilikataa kuuona. Miaka mitatu baada ya kampeni, dola ambalo vyama hivyo viliogopa kuliudhi liliwapeleka wapiga kura wao vitani kwa mamia ya maelfu.

Vyama vya mzaha baada yake

Nchini Kanada mwandishi na daktari Jacques Ferron alianzisha Chama cha Kifaru mwaka 1963. Uingereza mwanamuziki David Sutch aligombea ubunge mara nyingi hadi kifo chake mwaka 1999. Mwaka 1963 alidai vijana wa miaka 18 wapewe kura, akachekwa. Mwaka 1969 jambo hilo likawa sheria. Nchini Poland Chama cha Wapenda Bia kilipata viti 16 bungeni mwaka 1991. Nchini Iceland mchekeshaji Jón Gnarr alikuwa meya wa Reykjavík kuanzia 2010 hadi 2014, baada ya kuahidi taulo za bure katika mabwawa ya kuogelea.

Afrika ya Mashariki

Nchini Tanzania, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilidai kila chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa 10 au zaidi, ikiwemo ya Zanzibar. Tena mgombea ubunge ni lazima apendekezwe na chama. Kwa masharti hayo meza moja ya marafiki, iwe Bunda au Dar es Salaam, haiwezi kusimamisha mgombea kama ilivyofanyika Vinohrady.

Nchini Kenya, George Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 kwa ahadi za kuhalalisha bangi na kuuza nje korodani za fisi, akapata chini ya asilimia 1 ya kura; lakini chama chake hakikujitangaza kuwa cha mzaha.

Kazi aliyoifanya Hašek haikosi mfano katika desturi za Tanzania. Katika makabila mengi mtani anaruhusiwa kusema, hata msibani, maneno ambayo ndugu hawezi kuyatamka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.