Daktari aliyeuliza maji yametoka wapi

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu. Tulikuwa wauguzi, maafisa wa kliniki na sisi wa afya ya jamii, tukifundishwa utangulizi wa epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia maradhi: nani ameugua, wapi, lini, na kwa nini yeye na si jirani yake. Mwalimu alianza na John Snow. Jina hilo nililikariri nilipokuwa nasomea diploma, nikapita mtihani, nikalisahau. Safari hii limenikaa.

Snow alizaliwa York, Uingereza, mwaka 1813, kifungua mimba wa kibarua mwenye watoto tisa. Alipofika miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza udaktari. Kipindupindu kilipoingia huko, kijana huyo aliwauguza wachimba makaa ya mawe, watu waliokula na kujisaidia mumo humo shimoni bila maji ya kunawa. Hilo hakulisahau.

Madaktari wakubwa wa wakati ule waliamini ugonjwa huo huletwa na uvundo wa majaa na mitaro. Snow aliona kuwa maradhi ya tumbo lazima yaingie kwa mdomo, na mwaka 1849 akachapisha hoja yake. Wachache walimjali. Na hakuwa mtu duni. Ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu ya kupunguza uchungu alipojifungua mwaka 1853.

Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kikaangukia Soho, London. Ndani ya siku tatu watu 127 walikufa Broad Street na pambizoni mwake. Snow akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akakuta karibu wafiwa wote walichota bomba moja. Akawauliza na walionusurika. Nyumba ya maskini iliyokuwa hapo karibu ilikuwa na watu 535, wakafa watano tu: walikuwa na kisima chao. Kisha akasikia habari za mjane wa Hampstead, mbali na Soho, aliyekufa kwa kipindupindu. Kumbe alikuwa akiletewa chupa ya maji ya bomba lile kila siku, kwa kuwa aliipenda ladha yake.

Hapo moyo ulinipiga. Nyumbani kwetu kuna kisima alichochimba marehemu babu. Maji yake matamu, hayana chumvi kama ya majirani, na shangazi yangu aliyehamia ng'ambo huagiza dumu kila Ijumaa. Choo cha shimo cha wapangaji kiko hatua kumi na mbili kutoka hapo. Mimi ndiye mtu wa afya katika ukoo. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kukitia dosari kisima cha babu ni kama kumvunjia heshima kaburini.

Snow hakunyamaza. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Kusema kweli, ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, na wakubwa hawakusadiki. Padri mmoja wa mtaa ule, Henry Whitehead, alipeleleza akitaka kumkosoa, akaishia kumthibitisha: nepi za mtoto mchanga mgonjwa zilifuliwa na maji yake kumwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa karibu na kisima.

Snow alifariki mwaka 1858, umri miaka 45, bila kuoa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, Robert Koch alikitambulisha kwa ulimwengu kijidudu chenyewe. Na njia hiyo ya kuuliza ilifika kwetu pia: daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar kipindupindu kilipoishambulia mwaka 1869, alifuatilia ugonjwa kwa njia za misafara na majahazi, akatoa kitabu mwaka 1876.

Niliporudi nyumbani nilifungua kamba na ndoo, nikaviweka ndani. Sampuli ya maji iko maabara. Ami yangu hajanisemesha tangu siku hiyo, na shangazi ameambiwa achemshe yale aliyonayo. Nimekubali lawama. Wewe msomaji, leo kabla ya magharibi, pima hatua kutoka kisimani kwenu hadi chooni, na usimwonee haya mtu yeyote, aliye hai wala marehemu.