Andreas Vesalius, Mganga Aliyetazama kwa Macho Yake

Kila mtoto aliyemsaidia mama yake kupasua kuku anajua firigisi iko wapi, na maini, na moyo. Na kuku wakifa wengi kwa ugonjwa uitwao kideri, mganga wa wanyama humpasua mmoja, akatafuta ndani ya tumbo alama za damu zisizoonekana kwa nje. Lakini mwili wa mtu je? Nani ameuona ndani?

Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna chuo kikuu, kilichoundwa mwaka 1955. Humo hufundishwa waganga wa watu na waganga wa wanyama pia. Mwanafunzi wa uganga hana budi kujua mifupa yote ya mtu, ambayo ni 206, na mishipa ya damu, na nyama zinazovuta kila kiungo. Elimu hiyo huitwa anatomia. Aliyeitengeneza upya ni Andreas Vesalius.

Alizaliwa Bruxelles, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, usiku wa tarehe 31 Desemba 1514. Baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Kaisari Karoli wa Tano. Andreas alisoma Louvain, kisha mwaka 1533 akaenda Paris kusomea uganga.

Siku zile mwalimu wa anatomia alikaa juu ya kiti kirefu, akasoma kitabu cha Galenus. Huyu Galenus alikuwa mganga Mgiriki, aliyekufa zaidi ya miaka 1,300 kabla. Chini, kinyozi alipasua maiti kwa kisu, na mtu mwingine alionyesha viungo kwa fimbo. Mwalimu hakushika kitu. Kinyozi hakujua maneno ya kitabu. Wanafunzi waliona kidogo, wakaondoka.

Andreas hakuridhika. Akaenda makaburini Paris, mahali palipofukuliwa mifupa mingi ya kale, akaishika na kuichungua, hata akaweza kuitambua kwa kuipapasa tu, macho yakiwa yamefungwa.

Mwaka 1536 vita vilimrudisha Louvain. Siku moja alitembea nje ya mji pamoja na rafiki yake, akaona maiti ya mnyang'anyi aliyenyongwa. Ndege walikuwa wamekula nyama yote, imebaki mifupa mitupu. Andreas akapanda mtini, akang'oa miguu na mikono, akaificha nyumbani. Jioni akakubali kufungiwa nje ya malango ya mji, ili apate kuchukua kifua usiku, kwa maana kilifungwa kwa mnyororo. Watu walipomwuliza, alisema mifupa hiyo ameileta kutoka Paris. Tusimsifu kwa wizi huo wala kwa uongo wake. Hata mnyang'anyi ni mtu, na mifupa yake yastahili heshima.

Mwaka uliofuata alikwenda Padova, Italia. Mwezi wa Desemba 1537 alipata cheo cha mganga, na mara akafanywa mwalimu, naye hajatimiza miaka 23. Hapo alishuka kitini, akashika kisu kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi wakasongamana kumtazama. Baadaye hakimu wa Padova alimpa maiti za watu waliohukumiwa kufa. Wako wadhanio kwamba Kanisa lilikataza kazi hii. Sivyo, huko Bologna maiti zilipasuliwa mbele ya wanafunzi tangu mwanzo wa karne ya 14.

Basi Andreas akaanza kuona mambo ya ajabu. Galenus aliandika kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Andreas aliona mmoja tu. Galenus aliandika kwamba mfupa wa kidari una sehemu saba. Yeye aliona tatu. Kwa nini? Mwaka 1540, huko Bologna, alisimamisha mifupa ya nyani na mifupa ya mtu, akailinganisha. Ndipo jambo likawa wazi. Galenus hakuruhusiwa kupasua watu. Alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe, akadhani mtu ni vivyo hivyo. Na waganga wote walimfuata.

Wengine walisema pia kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu, kwa ajili ya Adamu. Andreas alizihesabu. Mwanamume ana mbavu 12 kila upande, na mwanamke vilevile.

Mwaka 1543 kitabu chake kikubwa kilipigwa chapa mjini Basel. Picha zake, zaidi ya 200, zilichongwa katika mbao, na mbao hizo zilivushwa milima mirefu ya Alpi juu ya nyumbu. Yeye alikuwa na miaka 28.

Mwalimu wake wa Paris, Jacobus Sylvius, alikasirika sana. Alishikilia kwamba Galenus hakukosa. Miili ya watu ndiyo iliyobadilika tangu zamani! Maneno ya namna hiyo yalimwumiza Andreas. Kwa uchungu akatupa motoni maandiko yake mengi, akaacha kufundisha, akawa mganga wa Kaisari Karoli, na baadaye wa mwanawe, Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania.

Mwaka 1564 alikwenda kuhiji Yerusalemu. Katika kurudi, safari ya bahari ilikuwa mbaya, naye akafika mgonjwa katika kisiwa cha Zante, karibu na Ugiriki. Akafa huko mwezi wa Oktoba, akiwa na miaka 49. Walimzika kisiwani, na kaburi lake halijulikani lilipo.