Yohana Krisostomo: Mhubiri Aliyefia Uhamishoni



Sisi Wabaptisti tukisikia habari za mababa wa kanisa la kwanza, mara nyingi tunaona hazituhusu. Tunasema Biblia inatosha. Ni kweli, inatosha. Shida iko katika namna tunavyoisoma. Hapa kambini tumeona mstari mmoja ukikatwa kutoka sura yake, na ndugu akatabiriwa kwa mstari huo kwamba mwaka huu atapanda ndege. Mwaka ukapita, hakuitwa, na imani yake ikapoa. Kwa ajili hiyo tumtazame Yohana Krisostomo.

Alizaliwa karibu mwaka 349 huko Antiokia, mji ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Baba yake alikufa yeye akiwa mchanga, akalelewa na mama yake mjane, Anthusa. Maandiko alifundishwa na Diodoro, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Tarso. Walimu wa Antiokia walitafuta kwanza maana ya wazi: mwandishi aliwaambia nini watu wake, na maneno ya kabla na ya baada yanasema nini? Hawakupenda kugeuza kila neno kuwa fumbo.

Kuanzia mwaka 386, kwa karibu miaka 12, Yohana alihubiri Antiokia akifuata vitabu vya Biblia kwa mpangilio. Juu ya Mathayo peke yake tumeachiwa mahubiri 90. Baada ya kueleza maandiko, aligusa maisha ya watu: hasira nyumbani, tamaa ya mali, maskini aliye mlangoni. Jina Krisostomo, yaani kinywa cha dhahabu, alipewa baada ya kufa.

Mwaka 398 alifanywa askofu wa Konstantinopoli. Alikemea anasa za wakubwa, wakamchukia. Mwaka 404 alipelekwa uhamishoni Cucusus, katika milima ya Armenia. Huko, ingawa mgonjwa, aliandika barua nyingi za kuwatia moyo aliowaacha. Tarehe 14 Septemba 407, akisukumwa mbali zaidi, alifia njiani.

Hatumfuati katika yote. Mahubiri yake dhidi ya Wayahudi yana maneno mabaya, nasi tunayakataa. Yeye naye tunampima kwa Maandiko, kama watu wa Beroya walivyompima Paulo.

Basi wapendwa, kabla ya kumpa jirani mstari, tusome sura nzima. Mkimbizi anahitaji neno litakalosimama hata ndege isipokuja.

Bwana awabariki.