FRED NOONAN, MSOMA NYOTA WA ANGANI

Wengi wamesikia habari za Amelia Earhart, mwanamke wa Marekani aliyetaka kuizunguka dunia kwa eropleni mwaka 1937. Wachache wamjua mtu aliyesafiri naye, mwenye kutunza saa na kupima nyota. Mtu huyo ni Fred Noonan.

Alizaliwa Chicago tarehe 4 Aprili, 1893. Mama yake alifariki yeye angali mtoto, naye akaacha shule mapema akawa baharia. Alisafiri baharini zaidi ya miaka 20 na kupata cheti cha unahodha, kisha akaingia katika kampuni ya ndege ya Pan American. Novemba 1935 yeye ndiye aliyeionyesha njia ndege iitwayo China Clipper, ilipochukua barua kutoka California hadi Manila kwa mara ya kwanza.

Kazi yake ilikuwaje? Alipima kimo cha nyota, na papo hapo akaitazama saa. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa moja. Basi asiyejua wakati barabara hajui amefika wapi kwa upande wa mashariki au magharibi. Karibu na Ikweta, kama hapa kwetu, saa ikikosea sekunde 4 tu, msafiri amekosea karibu kilomita 2. Ikikosea dakika 2, kosa ni kilomita 55 hivi, kama mwendo wa barabara kutoka Awindiri hadi Koboko.

Waliondoka Miami tarehe 1 Juni, 1937. Walipofika pwani ya Senegali, Noonan alimwandikia Amelia ageuze ndege kusini. Amelia akafuata wazo lake, akageuza kaskazini, wakaikosa Dakar na kutua Saint-Louis. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake. Kisha walilivuka bara letu, wakatua Khartoum na Massawa.

Mwisho wa Juni walifika Lae, katika kisiwa cha New Guinea. Hapo walikawia, na sababu mojawapo ni kwamba redio haikumpa Noonan alama za wakati za kurekebishia saa zake. Tarehe 2 Julai waliruka kukitafuta kisiwa cha Howland, umbali wa kilomita 4,100 hivi. Kisiwa hicho hakifiki kilomita 3 kwa urefu. Mabaharia wa meli ya Itasca, iliyokuwa ikiwangoja, waliisikia sauti ya Amelia, lakini hawakuweza kuzungumza naye. Ndege haikuonekana tena. Noonan alikuwa na umri wa miaka 44.

Tujifunze nini, wenzangu? Noonan hakukubali kuondoka kwa kubahatisha wakati, alingoja. Lakini saa njema peke yake haikutosha, kwa kuwa redio nayo ilihitajiwa, na wenye kusikilizana. Wazee wetu walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa.