Mwalimu Nyerere na Mwanafunzi Anayeuliza

Katika ukurasa huu wa watu mashuhuri nimechagua kuwaletea muhula huu maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua wengi mtasema kwamba habari zake tumezisikia tangu darasa la kwanza. Ni kweli, lakini habari hizo kwa kawaida ni za siasa. Mimi nataka kueleza ile kazi iliyompa jina, yaani ualimu, na jinsi alivyomfikiria mwanafunzi. Kisha tupime kama fikira zake zilikuwa sawa.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya. Utotoni alichunga mbuzi kama watoto wenzake, wala hakuingia darasani mpaka mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi. Shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, Musoma, mwendo wa karibu kilomita 40 kutoka kwao. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka mitatu. Mwaka 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, alikosomea ualimu.

Aliporudi alifundisha shule ya St. Mary's mjini Tabora. Mwaka 1949 alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na digrii yake, akapata kazi ya kufundisha huko Pugu, karibu na Dar es Salaam. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, yeye ndiye aliyekuwa rais wake. Mwaka uliofuata ikambidi achague baina ya chama na darasa, akaacha kazi ya kufundisha. Walakini ualimu haukumwacha. Hata alipokuwa Rais wa nchi alipata nafasi ya kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Machi 1967, baada tu ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa kijitabu kiitwacho Elimu ya Kujitegemea. Wakati ule katika kila watoto 100 waliokuwa shule za msingi, 13 tu ndio waliotazamiwa kupata nafasi ya sekondari. Hata hivyo wote 100 walifundishwa kana kwamba watakwenda huko, na wale 87 wakarudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Mwalimu alisema pia kwamba mitihani yetu ilipima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaandika kwa saa iliyowekwa, lakini haikupima uwezo wa kufikiri wala moyo wa kuwatumikia wenzako. Yeye alitaka shule imjenge mwanafunzi katika mambo matatu: awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kwa wengine, akikubali linalomfaa na kukataa lisilomfaa, na ajiamini kuwa ni mtu huru aliye sawa na wenzake.

Kwa sababu hiyo alishauri kila shule iwe na shamba au karakana. Wengi hukumbuka neno shamba, wakasahau yaliyofuata. Alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi, kuweka hesabu, na kuamua mapato yatumikeje. Alitaja hata mambo ya mbolea, matuta na kuzuia mmomonyoko wa udongo, akaeleza kwamba yafundishwe darasani wakati ule ule yanapofanywa shambani, ili mwanafunzi ajue anafanya nini na kwa sababu gani, na jambo likiharibika aweze kuchunguza kilichoharibu.

Sisi tuliozaliwa katika milima ya Upare tunalifahamu neno hilo upesi. Wazee wetu walijenga matuta ya mawe kwenye miteremko mikali, wakachimba ndiva za kukusanya maji usiku, ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Hakuna aliyeandikiwa ubaoni habari za ndiva. Mtoto alifuatana na wakubwa siku ya kuzibua mfereji, akashika jembe, akaona maji yanapopotea, akauliza kwa nini fulani apate leo na fulani kesho. Kwa njia hiyo alijifunza kazi, hesabu na sheria za kijiji kwa pamoja.

Lakini shuleni mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Katika shule nyingi jembe lilibaki, swali likaondoka. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi tulilima matuta ya mahindi msimu hata msimu. Hatukuambiwa mbegu ilinunuliwa kwa shilingi ngapi wala tulivuna magunia mangapi, na aliyechelewa kufika alipewa tuta la ziada kama adhabu. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtoto kulichukia shamba. Si kujitegemea hata kidogo, maana mwenye kutumwa tu anamtegemea anayemtuma.

Je, utafiti unasemaje? Nina mifano mitatu. Wa kwanza ni wa jirani zetu wa Usambara. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akaona kwamba maziwa aliyoyaweka yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala ya sayansi. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hilo, lakini jina la kijana yule limeingia katika vitabu vya fizikia.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake wa Marekani walipokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu vyuoni. Waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walielekea kushindwa mara moja na nusu kuliko wale waliopewa nafasi ya kujadili na kutenda darasani.

Mfano wa tatu ni wa kutuonya. Mwaka 2011 Michele Schweisfurth alisoma makala 72 juu ya mafundisho ya namna hii katika nchi zinazoendelea, akakuta kwamba mara nyingi hayafanikiwi, kwa sababu madarasa yamejaa, vifaa ni haba, walimu hawakuandaliwa, na mitihani ni ile ile. Mitaala yetu ya sekondari imetaja umahiri wa mwanafunzi tangu 2005. Lakini neno kuandikwa katika mtaala ni jambo moja, na kutendeka darasani ni jambo jingine.

Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Hakufaulu katika yote aliyoyataka, na shule alizozitamani hazikupatikana zote. Hata hivyo naona alilijua jambo ambalo wapimaji wa siku hizi wamelithibitisha kwa hesabu: akili hukua kwa kutumiwa.

Basi ndugu zangu, tusingoje mpaka kila kitu kitimie. Vikundi vyetu vya kujisomea visiwe vya kunakili madaftari tu, bali kila mmoja aje na swali moja asilolijua jibu lake. Katika bustani ya shule tupande matuta mawili, moja kwa samadi na moja bila samadi, tupime mavuno na kuyaandika. Na mwenzetu akiuliza swali la ajabu darasani, tafadhali tusimcheke.