Mwana Kupona binti Msham: Mama Aliyeacha Wosia



Katika wilaya ya Rungwe, kabla ukungu haujainuka mlimani, mama amekwisha kuwa shambani. Ardhi ya huko ina rutuba kwa sababu ya majivu ya volkano za kale, na mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Migomba, mahindi, maharage, viazi, kahawa na chai vyote hustawi. Na palipo na neema ya namna hiyo, kazi ya mikono haina mwisho. Yeyote aliyetembea vijiji vya kandokando ya Tukuyu amemwona mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, akishuka njia yenye utelezi kwenda sokoni.

Mama huyo akifa, watu hujaa uwanjani. Bwana Godfrey Wilson na mkewe Bibi Monica, waliokaa kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa urefu juu ya mazishi ya huko: vilio vya wanawake, ngoma, ng'ombe waliochinjwa, na jamaa waliofika kutoka mbali. Lakini baada ya watu kutawanyika, hubaki mtoto peke yake, na jembe la mama yake limeegemezwa ukutani.

Kwa mtu aliyeingia katika dini karibuni, saa hiyo ina uzito zaidi. Huenda mama yake hakuifuata njia aliyoichagua yeye. Jirani mmoja humwambia kwamba asipoitimiza kila desturi ya wazee amemtupa mama yake. Mwingine, mwenye bidii kubwa na elimu ndogo, humwambia kwamba mama yule hakuwa wa dini yetu, basi asimtaje tena. Afanye nini mtoto huyu? Amkumbuke mama yake kwa njia gani?

Ili kulijibu swali hili, nakuomba ufuatane nami tushuke kutoka milima ya Rungwe mpaka Bahari ya Hindi, kisha twende kaskazini hadi visiwa vya Lamu, katika pwani ya Kenya. Huko aliishi mama mmoja ambaye tangu kufa kwake imepita zaidi ya miaka 150, na hata leo hutajwa kila panapofundishwa fasihi ya Kiswahili, lugha ile ile ambayo mtoto wa Tukuyu huisoma shuleni. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Msham.

Kuzaliwa na kuolewa kwake

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, yapata mwaka 1810. Kisiwa hicho kina miji ya kale, na mmoja wao ni Siyu, uliosifika kwa wanavyuoni wake, kwa waandishi walionakili Kurani Tukufu kwa mkono, na kwa mafundi wa ngozi na chuma. Katika mazingira hayo ya elimu binti Msham alikua, akaijua dini yake na akaumiliki ushairi wa watu wake.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mtu huyu hakukubali kuwekwa chini ya Zanzibar. Sayyid Said bin Sultan alipeleka majeshi Siyu katika miaka ya 1840, lakini hakuweza kuutiisha mji ule. Ulitiishwa baadaye, katika zama za mwanawe Sayyid Majid, Bwana Mataka akiwa amekwisha kufa. Tafakari basi, ndugu msomaji, jinsi yalivyokuwa maisha ya mke wa mtu wa namna hiyo. Wapiganaji huandikwa katika tarikh. Bali anayewalisha na kuwalea watoto huku habari za vita zikija mlangoni, haandikwi. Mwana Kupona alijaliwa na mumewe watoto wawili, na katika vurugu ile yote aliilinda amani ya nyumba yake. Mwenyewe ameshuhudia katika utungo wake kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha na heshima bila kugombana, na kwamba siku ya kufa kwake mume alimwachia radhi zake.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwana Kupona akabaki mjane.

Wosia wa mgonjwa

Haukupita muda mrefu, naye akashikwa na maradhi. Ulipofika mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, alikuwa amekwisha kuugua mwaka mzima. Binti yake, Mwana Hashima binti Sheikh, alikuwa na umri wa miaka kama 17. Mama alitazama mbele akaona kwamba huenda binti huyu ataingia katika maisha ya ndoa bila mama wa kumwongoza. Mali hulika, na ufalme huondoka. Akatafuta kitu ambacho hakuna mrithi awezaye kumnyang'anya mtoto.

Akamwita binti yake akae karibu naye, na wino na karatasi, akamtungia utendi. Utendi huo una beti 102, katika Kiswahili cha Lamu, kilichoandikwa siku zile kwa herufi za Kiarabu. Mama anaufananisha na hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani cha kuvaliwa shingoni. Wengine huwaachia mabinti zao dhahabu. Yeye alimvisha wake maneno.

Yafaa tukumbuke kwamba kutunga utendi si kazi nyepesi. Kila ubeti una mizani yake ya kuhesabiwa na vina vyake vya kulinganishwa, na mtungaji mwenye afya njema huweza kuchoka kabla ya kufika ubeti wa hamsini. Huyu aliifanya kazi hiyo katika ugonjwa. Kwa hiyo akina mama wachapa kazi hawapatikani mashambani tu. Yuko anayelima kwa jembe na yuko anayelima kwa kalamu, na mavuno ya wote wawili ni watoto wao.

Yaliyomo katika wosia

Baada ya kumtaja Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume Mtukufu, s.a.w., na masahaba wake, mama anaanza na dini: binti aishike, wala asiache faradhi. Kisha anataja adabu, na ulimi mwema uliozoea kusema kweli. Ndipo anapomtajia watano ambao ni lazima awatafutie radhi: Mwenyezi Mungu, Mtume wake, baba, mama na mume.

Sehemu kubwa ya utendi yahusu nyumba na mume: usafi, manukato, chakula, upole wa maneno, kumwacha mume apumzike anapolala, na kumwomba ruhusa anapotaka kutoka. Hapo hapo mama anafundisha kupokea watu kwa uso mkunjufu, kutowadhihaki wengine, kuwapenda ndugu na jamaa, na kutomdharau mhitaji ajaye mlangoni, bali kumsaidia kwa kadiri ya uwezo.

Mwishoni mama anaacha kumsemesha binti na kumsemesha Mola wake. Anawaombea watoto wake na jamaa zake, anaomba apone maradhi yake, na anawakaribisha wanawake wote wausome utendi huo. Jambo hili litazame kwa makini. Wosia ulioanza kwa binti mmoja ulifunguliwa mlango wake mpaka ukawa wa mabinti wote.

Miaka michache baadaye Mwana Kupona alifariki katika mji wa Lamu kwa maradhi ya kutokwa na damu. Mwana Hashima alibaki na wosia, naye akaishi hadi karne ya 20. Wanawake wa pwani waliunakili na kuusoma majumbani mwao. Mwaka 1934 Bibi Alice Werner na Bwana William Hichens waliuchapisha kuwa kitabu, na mwaka 1971 ukaingia katika mkusanyo wa tenzi uliofanywa na Bwana J. W. T. Allen. Hivi leo husomwa katika vyuo vikuu vya mabara mengi.

Jambo la kupimwa kwa haki

Hatumheshimu marehemu kwa kuficha yale yanayohitaji kupimwa. Yamo katika utendi huu mambo mawili ambayo msomaji mwenye akili atayauliza.

La kwanza ni kwamba mama anaeleza kwa urefu wajibu wa mke, bali wajibu wa mume haugusi. Sababu yaweza kufahamika: alikuwa akimwusia binti, hakuwa akimwusia mwana wa kiume. Lakini mume asiuchukue utendi huu akaufanya fimbo. Kurani Tukufu imewapa wanawake haki mfano wa zile zilizo juu yao, na Mtume Mtukufu, s.a.w., amefundisha kwamba mbora wa watu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani mwake. Yeye mwenyewe alishona nguo zake na kuwasaidia wake zake kazi za nyumba.

La pili ni zito zaidi. Mama anamkataza binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Siku zile utumwa ulikuwapo pwani yote, na soko la watumwa la Zanzibar halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mwana Kupona alisema kama walivyosema mabibi wa nyumba kubwa za zama zake. Lakini dini aliyoitaja katika beti zake za mwanzo imetufundisha lililo bora kuliko hilo. Bilal, r.a., alikuwa mtumwa, na Mtume Mtukufu, s.a.w., akamfanya mwadhini wake. Tena akaamuru kwamba walio chini ya mikono yetu tuwalishe tunachokula na kuwavika tunachovaa.

Basi hapa twaliacha neno, wala hatumwachi mama. Hili ndilo funzo nililotaka kukufikishia, ewe uliyefiwa. Kumpenda mama si kushika kila alichokishika, wala kushika haki si kumdharau yeye. Mwana Kupona ametufaa sana katika dini, adabu na huruma kwa mhitaji, na katika hayo twamfuata kwa shukrani; alipokosea pamoja na watu wa zama zake, twamrudisha kwa Mola wake mwenye kusamehe.

Turudi Rungwe

Sasa na turudi kwa yule mtoto aliyekaa karibu na jembe la mama yake. Kurani Tukufu, katika sura ya Luqman, inatuamuru kwamba hata wazazi wakitushurutisha kumshirikisha Mungu tusiwatii katika jambo hilo, lakini tuendelee kukaa nao duniani kwa wema. Bibi Asma binti Abubakar, r.a., alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, akauliza kama yampasa kumtendea mema. Mtume Mtukufu, s.a.w., akamwambia aunge udugu na mama yake. Basi nani atakuambia umfute wako moyoni?

Wala machozi hayakukatazwa. Mtume Mtukufu, s.a.w., alifiwa na mama yake, Bibi Amina, akiwa mtoto wa miaka sita, safarini, mahali paitwapo Abwa. Alipokuwa mtu mzima alilizuru kaburi lake akalia, hata waliokuwa pamoja naye wakalia. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kurarua nguo na kujipiga, kama kwamba Mungu amedhulumu. Ama hukumu ya mama yako iko kwa Mola ambaye rehema yake imeenea kila kitu. Mizani hiyo hukupewa wewe, basi usijitwike.

Ulichopewa ni kazi. Mama yako alikuwa na shoga aliyelima naye: mpelekee ndizi na chumvi, kama Mtume Mtukufu, s.a.w., alivyokuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija, r.a., miaka mingi baada ya kufa kwake. Alikuwa na dada na kaka: watembelee, hata kama hawakubaliani na dini yako. Shamba lake usiliache limezwe na magugu. Toa sadaka kwa wenye njaa.

Tena ununue daftari. Huenda mama yako hakujua kusoma, naye hakuacha utendi wa beti 102. Lakini alisema maneno. Alikufundisha mwezi wa kupanda maharage, namna ya kumgawia mgeni chakula kilipokuwa kichache, na kwamba mtoto wa jirani asiondoke nyumbani kwenu na njaa. Yaandike hayo kabla hayajapotea, kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili, uwasomee watoto wako. Palipo na jema, liweke. Palipo na jambo ambalo kweli haikubaliani nalo, liache bila kulicheka. Mtume Mtukufu, s.a.w., ametufundisha kwamba mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa katika mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Elimu ya Mwana Kupona ilidumu kwa sababu mama aliitamka na binti akaitunza. Elimu ya mama yako sasa imo mikononi mwako.

Mwenyezi Mungu awape subira wote waliofiwa na mama zao, awalipe akina mama wetu kwa kila tone la jasho walilolimwaga kwa ajili yetu, na atufanye sisi kuwa watoto ambao kwao mema ya wazazi hayakatiki. Amin.